Nyumba kubwa ya kilimani: nani ana haki ya kuiuzisha?

Ukipita katika kartie za Kasongo, Kindu ao Bukavu, macho yako yatakutana mara nyingi na maandishi makubwa ya rangi kwenye ukuta ao kwenye mlango wa lupango: «Parseli hii haiuzishwi». Wengine wanaongeza chini yake: «Mjihadhari na matapeli».

Mtu anayetoka Ufaransa angeshangaa. Kule mwenye nyumba anabandika tangazo siku anapotaka kuiuzisha. Kwetu tunaandika siku tusipotaka, sababu mwenye nyumba akinyamaza, anaweza kurudi kutoka msibani na kukuta mtoto wa shangazi yake amekwisha kupokea nusu ya bei.

Tuelewane pia juu ya neno lenyewe. Huku Maniema mtu akisema «nimeuza nyumba», mara nyingi anataka kusema ametoa pesa na nyumba imekuwa yake. Aliyepokea pesa, yeye ameuzisha. Dar es Salaam na Mombasa ni kinyume: anayeuza ndiye anayepokea pesa. Mtu anaweza kucheka, lakini karatasi ya daftari iliyoandikwa «mimi fulani nimeuza nyumba na fulani», ikifika mbele ya jaji aliyekulia kwingine, itamsumbua kujua nani alitoa na nani alipokea. Katika makala hii tutasema kununua na kuuzisha, ili pasiwe shida.

Magazeti ya Ufaransa yako na kurasa nzima za nyumba za mashambani. Nyumba ya mawe ya karne ya 18, paa la vigae, hekta kadhaa za majani na miti ya matunda, kisima, na nyuma yake ghala la ngano, zizi la farasi, tanuri ya mkate, nyumba ndogo ya mlinzi. Vile vya nyuma wanaviita dépendances. Mtu wa Paris aliyechoka na ghorofa yake anasoma, anahesabu pesa, anaota.

Hapa pia kuna wanaoota. PDG wa shimo ambalo limezaa vizuri miezi mitatu mfululizo, mama aliyetwanga mawe miaka kumi na kuweka tola moja-moja pembeni, negosia aliyechoka kupanga: wote wamekwisha kuona ile nyumba. Iko kila mahali kwetu. Nyumba kubwa ya kilimani, tofali za kuchoma, baraza pana mbele, miembe miwili iliyopandwa kwa mstari, magazini upande, na nyuma vyumba vidogo vya mstari mmoja. Majani yamepanda mpaka dirishani. Mzee mmoja anaishi nyuma na familia yake. Siku moja mtu anakuja na moto, anashuka, anasema: «Papa, ile nyumba inauzishwa. Mimi ndiye niko na ruhusa.»

Ruhusa ya nani? Historia ya nyumba kubwa za Kasongo na Kabambare ni kwamba zimebadilisha mikono mara nyingi, na karibu kila mara bila kuuzishwa.

Machungwa ya Kasongo

Tuanzie mbali kidogo. Kabambare yenyewe iliandikwa katika vitabu vya wageni mapema sana. Livingstone, aliyeiita Bambarre, alikwama hapa kuanzia Julai 1870 mpaka Februari 1871, na sehemu ya muda huo hakuweza kutembea sababu ya vidonda vya miguu. Stanley alipopita Oktoba 1876, shefu Mwana Ngoy alimwambia kwamba yule mzee mzungu alikuwa mtu mwema. Nyumba ya miti na udongo haikai miaka 150, na hakuna wa kukuuzishia nyumba ya Livingstone, hata kama siku moja atatokea mtu wa kujaribu.

Nyumba kubwa za kweli zilikuwa Kasongo, mji wa Tippu Tip. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi Unguja, na mwanawe Sefu ndiye aliyekuwa na nguvu huku, wakati askari wa Leta ya Leopold wakiongozwa na Dhanis walipouchukua mji tarehe 22 Aprili 1893. Pamoja nao alikuwa kapiteni Mwingereza, Sidney Hinde, aliyechapisha kitabu juu ya vita ile mwaka 1897. Hinde anaeleza walichokuta: vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri ambayo hata askari wa kawaida waliyalalia, vyombo vya fedha na vya kioo, sukari, viberiti. Chumba alichojichukulia mwenyewe kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, kwa kipimo chetu karibu mita 24 kwa 4 na nusu. Mlango wake ulifunguka kwenye bustani ya machungwa, na nyuma ya bustani macho yalikwenda mbali maili tano. Kulikuwa na mashamba ya miwa, mahindi, na mpunga ambao mtu aliweza kusafiri ndani yake juu ya mnyama saa moja na nusu bila kutoka.

Soma tena maelezo yale kama tangazo. Nyumba ya kifahari, bustani ya matunda, mtazamo mzuri, shamba kubwa, majengo ya nyuma. Hakuna kinachokosekana isipokuwa bei, sababu hakuna aliyelipa. Hinde «alijichukulia» chumba. Ndivyo nyumba ile ilivyohama kutoka mkono hadi mkono: kwa bunduki.

Na tusiwaonee huruma mno wenye nyumba wa kwanza. Mpunga ule ulilimwa na watumwa. Watu waliokuwa wakilala katika majengo ya nyuma walinyang'anywa vijiji vyao na watu walewale waliokuwa wakilala kwenye hariri. Ukimuuliza mzee wa Kibangubangu nyumba za Kasongo zilijengwa na nani, hatakutajia Tippu Tip.

Mahali pa mji ule wa zamani leo panaitwa Tongoni, na jina linajieleza: mahali pa matongo, pa nyumba zilizoachwa. Miaka ya karibuni wanaakiolojia, Wakongomani pamoja na wenzao wa Ubelgiji, akiwemo Noemie Arazi, wamechimba pale na kuongea na wazee wa Kasongo juu ya kumbukumbu za wakati ule. Kwetu sisi tuliozoea kuchimba ili kutafuta kitu cha mizani, kazi yao inaonekana ya ajabu: wanachimba polepole, wanapiga picha udongo, wanafurahia kigae.

Tippu Tip alikufa Unguja mwaka 1905. Nyumba yake ya mjini ingali imesimama Shangani, katika Mji Mkongwe, na mlango wake wa kuchongwa unapigwa picha na watalii. Nayo pia ilihama bila kuuzishwa: baada ya mapinduzi ya 1964 nyumba kubwa nyingi za Mji Mkongwe zilikwenda mikononi mwa serikali, zikagawanywa chumba kwa chumba. Ndani ya nyumba ya tajiri wa Maniema zimeishi familia nyingi za watu wa kawaida, kila moja na jiko lake.

Boyeri

Nyumba nyingi tunazoziona leo kilimani si za wakati wa Tippu Tip. Ni za wakati wa Wabelgiji. Pamba ilijaribiwa Maniema wakati wa vita vya kwanza vya dunia, na mwaka 1920 ikaanzishwa Cotonco, kampuni ya pamba. Halafu zikaja kampuni za bati na dhahabu: Symétain mwaka 1932, pia Cobelmin. Kila mahali palipokuwa na mashine ya pamba, magazini ao mgodi, palijengwa nyumba ya mkubwa, na nyuma yake boyeri.

Neno boyeri tunalijua wote. Ni ile mistari ya vyumba vidogo nyuma ya lupango, pamoja na jiko la kuni na kabine, ambapo mpishi, mfua nguo na mlinzi walikaa. Watu wetu wengi walizaliwa katika boyeri. Ndio maana mtu wa huku akisikia «nyumba yenye historia», anafikiri kwanza upande wa nyuma.

Mwaka 1964 waasi wa Simba walipita Maniema, na nyumba nyingi ziliachwa wazi. Halafu ikaja tarehe 30 Novemba 1973. Siku ile Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na biashara za wageni zitapewa wananchi. Wale waliopewa tuliwaita acquéreurs, yaani wapataji, jina linalosema ukweli: walipata. Mtu aliamka asubuhi akiwa na nyumba ya baraza, magazini mawili na kamyo, bila kuhesabu pesa mezani. Duka liliuzishwa mpaka likaisha, kamyo ikavunjika. Mwaka 1976 Leta ilirudi nyuma, ikawaita wenye mali wa zamani wachukue tena. Wengine walirudi. Wengi hawakurudi kamwe, hasa katika pembe za mbali kama zetu. Nyumba ilibaki kwa mpataji, ama kwa mtoto wake, ama kwa ofisi ya Leta iliyohamia ndani kwa muda na kusahau kutoka.

Kwa hiyo anayekuja leo na kusema «nyumba hii ni ya baba yangu» anaweza kusema ukweli kabisa. Baba yake aliishi pale miaka thelathini. Lakini kuishi na kumiliki ni vitu viwili, na swali la kumuuliza si baba aliishi lini. Swali ni hili: baba alipewa karatasi gani, na nani, na jina gani limo ndani?

Nyumba za kampuni

Hapa familia za wachimbaji wasikilize vizuri, sababu ndipo watu wengi wanaumia.

Mwaka 1976 kampuni za bati na dhahabu za Kivu na Maniema ziliunganishwa, zikawa SOMINKI. Oktoba 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na kampuni ilianza kufa taratibu. Mwaka 1996 Banro ya Kanada ilinunua sehemu kubwa, mwaka 1997 SOMINKI ikavunjwa na SAKIMA ikazaliwa, mwaka 1998 Laurent-Désiré Kabila akafuta mapatano, mwaka 2002 wakapatana tena: dhahabu, pamoja na Namoya yetu ya Kabambare, ikaenda kwa Banro, na bati ikabaki kwa SAKIMA ya Leta. Namoya ilitangaza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Mwaka 2019 kazi ikasimama.

Katika mizunguko yote ile, nyumba zilikuwa zinakwenda wapi? Wafanyakazi wa SOMINKI walibaki ndani ya nyumba za kampuni wakisubiri malipo yao ya mwisho, décompte final. Wengine wamekufa wakisubiri. Mtoto wao anaona ni haki: kampuni haikulipa baba, basi nyumba ndiyo malipo. Moyoni unaweza kumkubalia. Mimi namkubalia. Lakini deni la mshahara halijigeuzi lenyewe kuwa nyumba. Mpaka kampuni ao yule aliyerithi mali yake aandike kwamba nyumba fulani imetolewa kwa mfanyakazi fulani, mtoto anakuuzishia kitu ambacho yeye mwenyewe bado anakidai. Siku kampuni mpya itakapokuja na orodha yake ya mali, jina lako halitakuwemo, na pesa zako za dhahabu zitakuwa zimekwisha kuliwa.

Karatasi

Ufaransa, mtu hawezi kununua ile nyumba ya mawe sokoni kwa mkono. Wanasaini kwanza karatasi ya ahadi, na mnunuzi iko na siku 10 za kubadilisha mawazo bila kulipa faini. Mwenye nyumba analazimishwa kuleta ripoti: kama kuna risasi katika rangi, kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 1949, kama kuna amiante, kwa zile zilizopewa ruhusa ya ujenzi kabla ya Julai 1997, kama kuna mchwa, katika sehemu zenye mchwa. Kama ni shamba, shirika moja linaloitwa SAFER linaweza kusema: ngoja, ardhi hii tunainunua sisi kwa ajili ya mkulima. Mwisho kabisa ni notere. Yeye anachunguza wenye nyumba wa nyuma, anapokea pesa, anaandikisha. Kwa nyumba ya zamani gharama yake pamoja na kodi ni karibu 7 ao 8 kwa mia ya bei. Wafaransa wanalalamika sana juu ya pesa hiyo.

Kwetu sheria pia iko, na ni kali kuliko wengi wanavyofikiri. Ni sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Jambo la kwanza inalosema ni hili: ardhi ni ya Leta, ardhi yenyewe haiuzishwi. Mtu anapewa konsesio, yaani haki ya kutumia, na juu yake anamiliki majengo. Mkongomani, mtu binafsi, anaweza kupewa konsesio ya daima. Kampuni ao mgeni anapewa ya muda, kwa kawaida isiyozidi miaka 25, inayoweza kufanywa upya. Sasa fikiria nyumba ya kilimani ambayo karatasi yake ya mwisho ilikuwa ya kampuni. Inawezekana muda ulikwisha kitambo na hakuna aliyeomba upya.

Jambo la pili: karatasi moja tu inathibitisha haki hiyo. Juu yake kumeandikwa certificat d'enregistrement, na inatolewa na konservatere wa hati za nyumba na ardhi. Karatasi ya shefu wa kartie, karatasi ya shefu wa grupema, karatasi ya mashahidi wanne wenye vidole vya wino, zote zinaweza kusaidia dosie, lakini hazihamishi nyumba. Nyumba inahama siku konservatere anapofuta jina la zamani na kuandika jina lako katika kitabu chake. Na sertifika ikimaliza miaka miwili tangu kutolewa, ni shida sana kuishambulia mbele ya tribinali. Maana yake inakulinda wewe. Maana yake pia, kama jirani alikwenda ofisini miaka mitatu iliyopita akaandikisha kilima kizima kwa jina lake, wewe mwenye karatasi ya mashahidi umechelewa.

Kwa hiyo usianze na bei. Anza kwa kumwomba anayeuzisha fotokopi ya sertifika, halafu peleka namba yake wewe mwenyewe, si kwa mkono wa komisioneri, kwa konservatere, uulize kama ile namba iko kweli katika kitabu, jina gani limo, na kama kuna deni la benki lililoandikwa juu yake. Mwombe jeometre wa kadasta aje kupima na kukuonyesha bone, yale mawe ya mipaka. Nyumba za zamani zilikuwa na hekta nyingi, na vijana wamekwisha kujenga ndani. Unaonyeshwa kilima kizima, unapewa karatasi ya kipande.

Tena, ardhi ya kijiji. Sheria ya 1973 ilisema kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi wanayokaa na kulima zitapangwa na amri ya Rais. Amri ile haikutoka. Ndio maana shefu anajiona mwenye ardhi, Leta inajiona mwenye ardhi, na mnunuzi analipa mara mbili. Kama «shamba na majengo ya nyuma» yako nje ya mji, lazima kuwe na enkete kabla Leta haijatoa konsesio mpya: wanakuja, wanapima, wanauliza majirani nani analima pale. Gavana anaweza kutoa mpaka hekta 200 za mashambani, juu ya hapo ni waziri na wakubwa zaidi. Mtu akikuambia ana hekta 500 kwa saini ya shefu peke yake, mshukuru, kunywa maji yake, uondoke.

Na familia. Karibu kila nyumba kubwa inayouzishwa huku ni ya marehemu. Kanuni ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu za urithi, na inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Baba mdogo, hata awe mkubwa wa ukoo, hawezi kuuzisha peke yake. Omba karatasi ya baraza la familia, omba jina la likidateri, na uhesabu watoto mwenyewe, wa nyumba zote. Mtoto wa nje aliye Lubumbashi ndiye atakayekuja mwaka wa tatu na avokati.

Dhahabu chini ya saluni

Wako wanaonunua nyumba wakifikiria chini. Mshipa unapita pale, wanasema, wazungu walijenga juu yake makusudi.

Kodi ya migodi ya 2002, na marekebisho yake ya 2018, inatenganisha haki mbili: ya juu na ya chini. Mwenye nyumba hana dhahabu iliyo chini ya nyumba. Ukipasua saluni yako na kuteremka na tochi, wewe ni mchimbaji bila ruhusa, ingawa sertifika iko kabatini. Watu wa Kasulo, kule Kolwezi, waliona hayo. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya kartie yao, na familia zilichimba vyumbani na nyuma ya majiko mpaka nyumba zikapasuka. Mwaka 2017 sehemu ile ilipewa kampuni moja ya Kichina inunue madini yake, na wakaaji wakahamishwa kwa fidia.

Lakini sheria inakata pande zote mbili. Mwenye ruhusa ya mgodi, hata kampuni kubwa, hawezi kuchukua eneo lililo karibu na nyumba yako kwa chini ya mita 180 bila wewe kukubali, na kama kazi yake inakuharibia mali ao inakuondoa, anakudai wewe, yaani anapaswa kukulipa. Hapa ndipo karatasi inapogeuka kuwa pesa. Kampuni ikifika na timu ya kuhesabu mali, mwenye sertifika anahesabiwa nyumba, magazini, kisima na kila mwembe. Asiye na karatasi anahesabiwa kwa huruma. Kwa hiyo kabla ya kununua popote kuzunguka Salamabila, uliza ofisi ya kadasta ya migodi kama kilima kimo ndani ya ruhusa ya mtu. Pengine kimo. Hiyo haikatazi kununua, ila lazima ujue.

Nyumba yenyewe

Baada ya karatasi, mwili wa nyumba. Tofali za kuchoma za zamani ni nzuri kuliko nyingi za leo, zilichomwa mpaka ndani. Ubaya unaanzia juu. Nyumba nyingi zilivuliwa mabati wakati wa vita vya 1996 na 1998, na ukuta ulionyeshewa miaka kumi kabla ya kufunikwa tena. Gonga kwa jiwe dogo: ukuta mzima unalia, ukuta uliooza unanyamaza. Panda juu uangalie mbao za paa, uzichome na kisu. Pale kisu kinapozama, mchwa wamekula. Bei ya paa jipya kwa nyumba kubwa kama ile inaweza kupita bei ya nyumba, sababu bati na misumari vinatoka mbali kwa njia unayoijua.

Kama paa lingali lile la wakati wa Wabelgiji, la sahani za kijivu nzito kama simenti, usimruhusu kijana kulivunja kwa nyundo. Mengi yalikuwa na amiante ndani. Likiwa zima halina neno, lakini likipasuliwa ao kukatwa kwa msumeno linatoa vumbi linaloingia kwenye mapafu na kubaki humo, na ugonjwa wake unatokea miaka mingi baadaye. Wachimbaji, vumbi mnalijua. Lilowesheni maji, lishusheni sahani kwa sahani, lizikwe mbali na kisima. Na watoto wasilichezee.

Kisima nacho, kama kipo, kiangaliwe kabla ya kila kitu cha fahari. Siterne za chini ya baraza zilizokuwa zikipokea maji ya mvua mara nyingi zimepasuka, ama zimegeuzwa shimo la taka. Kuziba ufa si ghali. Kutoa taka za miaka hamsini ni kazi ya wiki.

Halafu yule mzee wa nyuma. Wanunuzi wengi wanampita kama mti. Ni kosa. Yeye, ao baba yake, alikuwa mlinzi wa mzungu, halafu wa mpataji, halafu wa hakuna mtu, na hakulipwa tangu lini. Anajua mpaka ulipita wapi kabla jirani hajausogeza. Anajua nani wamekuja kabla yako kuonyeshwa nyumba ile ile, na kama walitoa avansi. Kaa naye barazani, usiende na mikono mitupu, na usimwambie neno juu ya bei. Mwulize tu: «Muzee, hapa nani alikulipa mara ya mwisho?»

Na kama atakuwa na haki ya kubaki, ama umepatana naye kubaki, iandikwe katika kontra pamoja na mambo mengine, chumba gani na mpaka lini, sababu mwenye lupango akibadilika, maneno ya mdomo yanasahaulika, na ni yeye atakayetupwa nje na magodoro yake. Katika mabadiliko yote niliyoyataja, ya 1893, ya 1973, ya kampuni na kampuni, watu wa boyeri hawakuulizwa hata mara moja.

Kwenda kuiona, chagua siku ya mvua kubwa. Wanaouzisha wanapenda kuonyesha wakati wa jua, majani yakiwa yamekatwa na baraza limefagiliwa. Wewe nenda Machi ao Aprili, ukae ndani saa nzima wakati inanyesha, uangalie maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi.